Plagini yangu kwangu inafanya kazi, kwa wenzangu haifunguki

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza QGIS. Si ajabu. Tangu droni za mradi wa ramani za Zanzibar zianze kurushwa mwaka 2016, chini ya Kamisheni ya Ardhi na kwa mikono ya vijana wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, watu wengi visiwani wamejifunza kuchora mipaka juu ya picha za angani, na QGIS ni programu huria ya ramani: hulipii leseni, na msimbo wake uko wazi. Vyombo vya kuiongezea uwezo huitwa plagini. Huandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na yeyote anaweza kuandika yake akawapa wengine. Hapo kwenye kuwapa wengine ndipo barua nyingi zilipokwama.

SWALI: Assalamu alaykum wahariri. Mimi ni mpima ardhi, niko Wete. Nimeandika plagini ya kupima shamba kwa eka na kuandika jina la shehia kwenye jadweli. Kwangu haina tatizo. Nimewapa wenzangu watatu kwa fleshi: mmoja haioni kwenye menyu, wa pili anapata maandishi mekundu ya Python, na wa tatu inamfanyia kazi lakini kila akiizima na kuiwasha anaongezewa kitufe kimoja. Nataka hatimaye niiweke kwenye hazina rasmi ili kila mtu aipate. Nianzie wapi?

JIBU: Waalaykum salaam. Hayo ni makosa matatu mbalimbali, na hakuna hata moja lililo kwenye hesabu yako ya eka.

Kwa mwenzako wa kwanza, tizama zip, lile faili moja ulilofungia mafaili yote ya plagini. Ndani yake panatakiwa folda moja tu juu kabisa, yenye jina la plagini, na mafaili yote, pamoja na metadata.txt na __init__.py, yawe ndani ya folda hiyo. Wengi huyachagua mafaili yenyewe wakayafunga bila ya folda. Wengine hufunga folda ndani ya folda. Ifungue zip yako uangalie: ukiiona metadata.txt papo hapo, umekosea. Ukiona folda ya plagini, tuseme inaitwa eka_shehia, na ukiingia ndani ndiyo unaikuta metadata.txt, umepatia. Mtego mwengine ni zip ya GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo, ile inayoshushwa kwa kitufe cha kijani. Folda yake hutoka na mkia, eka_shehia-main, na QGIS huihesabu kuwa plagini nyengine kabisa. Mtumiaji anabaki na nakala mbili ubavu kwa ubavu, anasasisha moja huku anaitumia ile ya zamani, kisha anakulaumu wewe. Usimpe mtu zip hiyo. Ukiwa ndani ya folda ya mradi wako, andika amri hii:

git archive --prefix=eka_shehia/ -o eka_shehia.zip HEAD

Uzuri wake ni kwamba haichukui takataka za __pycache__ wala folda ya .git. Ubaya wake ni kwamba inachukua yale tu uliyokwisha kuyahifadhi kwenye Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo. Kama resources.py umeitenga kwenye .gitignore, itaachwa nje na plagini haitawaka.

Aliyekwisha kusakinisha nakala mbovu aifute kwanza. Kwenye Windows zinakaa AppData\Roaming\QGIS\QGIS3\profiles\default\python\plugins ndani ya folda ya mtumiaji. Kisha aingie menyu ya "Plugins", "Manage and Install Plugins", "Install from ZIP".

Mwenzako wa pili asome mstari wa mwisho wa yale maandishi mekundu. Hiyo mingine yote ni safari ya kufika hapo. Ikiwa ni ModuleNotFoundError, umetumia maktaba uliyoisakinisha mwenyewe kwa pip, na yeye hana. QGIS ya Windows huja na Python yake, haijui kilichomo kwenye Python yako nyengine. Watu huandika kwenye maelezo "sakinisha pandas kwanza" wakadhani wamemaliza. Mpima aliyeko shambani Micheweni hatafungua dirisha jeusi la amri kwa ajili ya plagini moja. Ing'oe maktaba hiyo. Kwa jadweli la eka huhitaji pandas wala openpyxl: QgsVectorFileWriter ya QGIS yenyewe inaandika CSV na XLSX. Ikiwa mstari wa mwisho ni FileNotFoundError, umeandika njia ya faili ya mashine yako, C:\Users na jina lako. Ibadilishe ianzie kwenye os.path.dirname(__file__), yaani pale plagini yenyewe ilipo.

Wa tatu anaumizwa na unload, sehemu ya msimbo inayofanya kazi plagini inapozimwa; initGui ni ile ya inapowashwa. Kila kitu ambacho initGui inakiweka kwenye dirisha, unload lazima ikiondoe: kitufe kwa removeToolBarIcon, na menyu kwa removePluginMenu. Jina la menyu unalolitaja wakati wa kuondoa liwe herufi kwa herufi lile ulilolitaja wakati wa kuweka. Ukizidisha nafasi moja, haitoki. Kama ulianza na Plugin Builder, chombo kinachokutolea plagini ya mwanzo tayari, vitufe vilivyomo kwenye orodha ya self.actions vinaondolewa vyenyewe. Vinavyobaki ni vile ulivyoviongeza baadaye kwa mkono. Sakinisha Plugin Reloader, iwashe upya plagini yako mara kumi mfululizo, uhesabu vitufe.

Kabla ya kuitoa, ijaribu kwenye kompyuta ambayo si yako. Profaili mpya ya QGIS kwenye mashine yako itakuonesha kosa la zip, lakini la maktaba na la njia ya faili haitakuonesha, kwani mashine ni ile ile.

Sasa hazina rasmi, plugins.qgis.org. Unaingia kwa akaunti ya OSGeo, taasisi ya programu huria za ramani, ambayo ni bure. Kazi kubwa iko kwenye metadata.txt. Mstari wa kwanza ni neno general ndani ya mabano ya mraba, kisha unajaza name, qgisMinimumVersion, description, about, version, author, email, tracker na repository. Description ni sentensi moja. About ndipo pa kueleza kwa kirefu. Ikizidi mstari mmoja, mistari inayofuata ianze kwa nafasi, la sivyo faili halisomeki. Tracker ni anwani ambayo watu wataripoti makosa, na repository ni pale msimbo ulipo. Plugin Builder huacha mahali hapo anwani za mfano kama http://bugs; ukizipandisha hivyo hivyo zitakataliwa. Katika folda hiyo hiyo weka faili la leseni liitwalo LICENSE, bila ya kiambishi cha .txt.

Kwenye email weka anwani ya kikundi au ya mradi, si ya binafsi. Tovuti huionesha kwa walioingia tu, lakini yeyote aliyeisakinisha plagini ataiona kwenye QGIS yake.

Andika maelezo kwa Kiingereza kwanza, chini yake kwa Kiswahili, na useme wazi kuwa imetengenezwa kwa shehia za Unguja na Pemba. Mtu wa Brazil asiisakinishe akashangaa. Toleo la kwanza weka experimental=True. Nayo ina athari yake ambayo wengi huisahau: plagini za majaribio hazionekani kwenye orodha mpaka mtumiaji aende "Settings" ndani ya dirisha la plagini, akaweke alama kwenye "Show also experimental plugins". Waambie wenzako hivyo, wasije wakasema haipo.

Ukishapandisha, wasimamizi wa hazina huikagua kabla ya kuiidhinisha, na wanasoma msimbo kweli. Kila ukitoa sasisho ongeza namba ya version. Namba iliyokwisha kutumika haipokelewi tena.

SWALI: Nimeajiriwa ofisini na plagini nimeiandika humo humo, saa za kazi. Naweza kuitoa bure? Na leseni ipi? (Msomaji, Mwera)

JIBU: Leseni haina mjadala mrefu. QGIS iko chini ya GPL toleo la 2 au la baadaye, na plagini inayotumia maktaba zake inatolewa kwa leseni inayopatana nayo. Weka GPL hiyo hiyo ukapumzike. GPL haimzuii mtu kukulipa kwa kazi; inamzuia anayeisambaza kuuficha msimbo wa alichokisambaza.

La ajira ndilo zito zaidi. Hakimiliki Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na COSOZA ndicho chombo chake, kwa hiyo usichukue majibu ya mtandaoni yanayozungumzia sheria ya Bara au ya Marekani. Usitafute fatwa kwetu pia. Mwandikie mkuu wako barua ya ukurasa mmoja: jina la plagini, inafanya nini, leseni ya GPL, na kwamba hakuna data ya ofisi ndani yake. Apige sahihi na muhuri. Barua hiyo ni rahisi kuipata leo kuliko baada ya miaka mitatu, mkuu mwengine akiwa ofisini na plagini inatumiwa na watu usiowajua.

Na hilo la data ulichukulie kwa uzito. Usifungashe mipaka ya shehia ndani ya zip kwa sababu tu unayo kwenye kompyuta. Leseni ya msimbo haigusi data. Mipaka ina mwenyewe, na hubadilika shehia zinapogawanywa, ukabaki unasambaza ramani iliyopitwa. Plagini imwambie mtumiaji achague leya (tabaka la ramani) yake ya shehia na safu yenye jina. Mfano wa kujaribia uchore wewe mwenyewe: poligoni nne za kubuni zinatosha. Jadweli lenye majina ya wenye mashamba lisikaribie kabisa folda hiyo, hata kwa jina la majaribio.

SWALI: Ndugu wahariri, shamba ni moja, plagini ni moja. Kwangu eka 3, kwa mwenzangu 2.998, na wa tatu anapata sifuri. Nani anadanganya? (Chake Chake)

JIBU: Hakuna anayedanganya, kila mmoja kauliza swali tofauti na mwandishi wa plagini hakuwaonya.

Kila mfumo wa majira, yaani wa namba za kuonesha mahali, una namba yake ya EPSG. Wa sifuri leya yake iko kwenye EPSG:4326, ambayo ni digrii. Eka 3 ni mita za mraba 12,140, na kwa digrii za mraba ni kama 0.000001. Jadweli la desimali tatu litaandika sifuri. Wewe na mwenzako tofauti yenu ni ndogo na ina sababu yake. Mmoja anapima juu ya umbo la dunia, kwa QgsDistanceArea iliyopewa elipsoidi, mwengine anapima juu ya karatasi bapa ya UTM kanda 37 Kusini, EPSG:32737. UTM hubana vipimo karibu na mstari wake wa kati, ambao kwa kanda hii ni digrii 39 Mashariki, na Unguja na Pemba zote ziko jirani nao. Kwa eka 3 upungufu ni mita 7 hadi 10 za mraba. Kwa shamba la mikarafuu si kitu. Kwa kiwanja cha Mjini wapo watakaogombana.

Mwandishi wa plagini achague njia moja na aiandike kwenye dirisha la matokeo, kwa maneno: "kipimo cha elipsoidi, WGS 84". Leya ikiwa haina mfumo wa majira, plagini isikisie. Isimame na iseme.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni Arc 1960, EPSG:21037. Ndiyo mfumo wa ramani nyingi za zamani Tanzania. Majira yake yanafanana kwa sura na yale ya 32737, namba ndefu zile zile, lakini ukizichanganya shamba linahama kwa takriban mita 300. Eka zinabaki sawa sawa! Kwa hiyo anayeangalia eka tu hatagundua, na jina la shehia kwenye jadweli litakuwa la shehia ya jirani. Plagini inayoandika jina la shehia lazima ilinganishe mifumo ya leya zote mbili na kugeuza kwa QgsCoordinateTransform kabla ya kuuliza shamba liko ndani ya mpaka upi.

SWALI: Nimepandisha msimbo GitHub, kumbe nywila ya seva yetu ya PostGIS, hifadhidata ya ramani, imo ndani. Nimeshaifuta na kupandisha tena. Nimesalimika? (Hataki jina wala mji)

JIBU: Bado. Git huhifadhi historia, na nywila iko kwenye toleo la jana kwa yeyote atakayelifungua. Badilisha nywila ya seva sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Hilo ndilo tiba. Kusafisha historia kwa git filter-repo ni usafi wa baadaye, na waliokwisha kunakili wanayo nakala yao.

Kisha uitoe nywila kwenye msimbo moja kwa moja. QGIS ina mahali pake pa kuhifadhi siri, panaitwa "Authentication" kwenye "Options", na plagini inahitaji kujua kitambulisho cha usanidi tu. Kitambulisho hicho kila mtumiaji anakiweka cha kwake.

SWALI: Tuna maabara ya kompyuta Pemba, intaneti ni ya bando na haitoshi mashine zote. Kila plagini ikisasishwa tunazunguka na fleshi mashine kwa mashine. Hakuna njia?

JIBU: Ipo, na haihitaji bando baada ya kushusha mara moja. Hazina ya plagini ni faili moja tu la plugins.xml lenye orodha, na zip pembeni yake. Chagua mashine moja iwe seva, ifungie anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, na uweke zip zote kwenye folda moja. Ndani ya plugins.xml kila plagini inapata kipande kiitwacho pyqgis_plugin chenye name na version, na ndani yake qgis_minimum_version, file_name na download_url, mfano http://192.168.1.10:8000/eka_shehia.zip. Kisha ukiwa kwenye folda hiyo:

python -m http.server 8000

Katika kila mashine, dirisha la plagini, "Settings", "Add", uandike http://192.168.1.10:8000/plugins.xml. Kazi hiyo ni ya mara moja. Toleo jipya likija unabadilisha zip na namba ya version kwenye faili, na mashine zote zinaonesha kuwa kuna sasisho. Namba ikisahauliwa hakuna itakayojua, hata kama zip ni mpya. Mashine zisipoiona seva kabisa, kwanza angalia ukuta wa moto wa Windows kwenye ile mashine ya seva. Mara nyingi umefunga mlango 8000. Na seva hii ibaki ndani ya maabara. Haina kinga ya kuwekwa wazi kwenye intaneti.

SWALI: Nataka menyu za plagini yangu ziwe kwa Kiswahili. (Mwanafunzi, Tunguu)

JIBU: Maandishi yote yapitishe kwenye self.tr, toa faili la .ts kwa pylupdate5, litafsiri kwa Qt Linguist, kisha lrelease ikupe faili la .qm, mfano EkaShehia_sw.qm, ndani ya folda ya i18n. Angalia mstari mmoja wa Plugin Builder unaosoma locale/userLocale na kukata herufi mbili za mwanzo: kwenye mashine ambayo lugha haijawahi kuchaguliwa, thamani hiyo huwa tupu na plagini huanguka inapowaka. Ipe thamani ya akiba, "en". Na kwa kuwa watu wengi QGIS yao iko kwa Kiingereza, Kiswahili chako hakitawatokea mpaka uwawekee chaguo la lugha ndani ya plagini yenyewe.

SWALI: Kuna plagini ya mtu wa nje niliyoizoea, imeachwa tangu QGIS 2. Mwenyewe hajibu. Naruhusiwa kuichukua nikaitengeneza? (Mkoani)

JIBU: Ikiwa ni ya GPL unaruhusiwa. Kuna adabu yake. Fungua taarifa kwenye tracker yake, useme unataka kufanya nini, umpe wiki kadhaa. Bora kuliko yote ni kumpelekea marekebisho kwenye hazina yake mwenyewe, na umuombe akuongeze kuwa mmiliki wa pili kwenye plugins.qgis.org, ili watumiaji wa zamani wapate sasisho pale pale walipozoea. Akinyamaza, itoe kwa jina jipya, uache mistari yake ya hakimiliki juu ya kila faili, na uongeze yako chini.

Kuhusu ukarabati: QGIS 3.0 ilitoka Februari 2018 ikahama kwenda Python 3 na Qt5 (Qt ni maktaba ya madirisha na vitufe), kwa hiyo utakuta print bila mabano, QgsMapLayerRegistry ambayo sasa ni QgsProject.instance, legendInterface ambayo haipo tena, na fromPoint iliyogeuka fromPointXY. Palipoandikwa PyQt4 usiandike PyQt5. Andika qgis.PyQt, maana QGIS 4 inajengwa juu ya Qt6, na hutaki kurudia kazi hii hii.

Lakini kabla hujaanza, iangalie plagini yenyewe inafanya nini. Nyingi za zamani zilikuwa hatua tatu au nne mfululizo ambazo leo unaziunganisha kwenye "Model Designer" bila ya kuandika msimbo. Matokeo ni faili moja la .model3, unamtumia mwenzako kwa simu, na kwa umma unaliweka hub.qgis.org.